Wasomaji Wamemchagua Chiriku

Ofisini kwetu hakuna kitu kinachokwenda kwenye jalada mpaka kipite kwanza mikononi mwa wasomaji. Hiyo ni sheria, na aliyeileta ni Bwana Maoni. Jina hilo tulimpa sisi kwa kumkejeli, naye akalipokea kama amepewa cheo. Kila toleo linapokaribia, mimi natengeneza majalada matatu. Tunayachapa kwa printa yetu kwenye karatasi ya kung'aa, tunayabana kwa stepla juu ya matoleo ya zamani ili yaonekane majarida kamili, kisha yeye anayapeleka kwenye kibanda cha mwuza magazeti pale kituo cha mabasi. Yananing'inizwa kwa vibanio kwenye kamba, katikati ya magazeti mengine. Bwana Maoni anasimama pembeni akijifanya anangoja basi, anatazama mkono wa mteja unakwenda wapi. Mtu akishashika, mwuza magazeti anamwambia hilo bado halijatoka, anampa kikaratasi aandike kilichomvutia au kilichomkera.

Sharti lake kubwa ni moja: usimsemeshe msomaji. Ukimsemesha umemharibu. Akiuliza, nyamaza. Akikosea, mwache akosee, maana kosa lake nalo ni jibu.

Sitamsingizia mtu. Kabla hajaja yeye, jarida letu la muziki lilikuwa linachungulia kaburi. Tulikuwa tunajichagulia majalada wenyewe, tunasifiana, halafu marobota yanarudi na kamba zake, hayajafunguliwa. Yeye ndiye aliyetuokoa, na mimi nina kazi mpaka leo kwa sababu yake. Hilo nalijua, lakini halijawahi kunizuia kutamani kumpiga na kiti.

Chiriku alikuwa mama yangu mdogo. Mama alipofariki nikiwa mdogo, yeye ndiye aliyenichukua, akanilea kati ya jukwaa moja na jingine, nikilala nyuma ya spika kama vile ni mto. Ukiwa mtu wa makamo, umecheza nyimbo zake. Ukiwa kijana, huenda umepatikana kwa sababu wazazi wako walizicheza. Walimwita Chiriku kwa kuwa alikuwa haishiwi maneno, jukwaani wala jikoni.

Ugonjwa nao haukuchagua pengine, uliingia kooni, mahali penyewe pa kazi. Wakampasua, wakatoa walichotoa, ikabaki sauti ya kunong'ona na kovu linaloanzia chini ya sikio mpaka kwenye mtulinga. Dawa zikamnyonyoa nywele, zikamla mashavu. Mwishowe daktari akatuambia twende nyumbani tukapumzike, na sote wawili tulielewa anasema nini.

Hakulia. Kilichomliza kilikuja baadaye, nacho kilikuwa kukosa salamu. Zamani, kwenda naye dukani kununua kiberiti ilikuwa safari ya nusu siku, maana kila hatua mtu anamwita, anacheka naye, anamwonyesha mtoto. Sasa alikuwa anapita katikati ya watu wale wale na hakuna anayegeuza shingo. Siku moja mwuza nyanya, ambaye Chiriku alimwimbia harusini kwake bila kudai chochote, alimwambia, "Mama, sogea kidogo, unaniziba wateja." Alirudi nyumbani na kikapu kitupu, akakaa kitandani akashika tama.

"Mwanangu," alininong'oneza, "kufa nitakufa, hilo nimeshalimeza. Ila sitaki kuondoka kama mpita njia. Nataka wanione hivi nilivyo, wanijue. Hata mtu mmoja tu anisalimie kwa jina langu. Niweke kwenye jalada lenu."

Nilikwenda kwa Mhariri asubuhi yake. Mhariri wetu si mtu mbaya. Ana tumbo kubwa na huruma ya wastani, na alipokuwa kijana alikuwa anaruka ukuta kwenda kumsikiliza Chiriku. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta kwa tai.

"Chiriku ni Chiriku," alisema. "Mtengeneze. Tumpeleke kwa wasomaji."

Mpiga picha wetu alikuja nyumbani, akamkalisha karibu na dirisha la jikoni. Mama mdogo alifunga mwenyewe kitambaa chake cha zambarau kichwani. Poda aliikataa. Halafu akavuta ukosi wa gauni chini, kovu lote likawa nje.

"Usinifute hata kikunyanzi kimoja," aliniambia. "Vyote nimevitolea jasho."

Picha ilitoka nzuri mpaka nikaogopa. Alikuwa anakutazama moja kwa moja, kama mama aliyekufumania unadokoa sukari. Nililiandika jina la jarida kwa manjano juu ya zambarau ile, na chini yake nikaweka maneno mawili tu: CHIRIKU YUPO. Nimefanya majalada mengi katika maisha yangu, mengine siwezi hata kuyatazama. Hilo nililipenda.

Wasomaji hawakuligusa. Lilining'inia siku nzima kati ya kundi moja la wanamuziki wa kanisa na kijana mmoja wa miwani myeusi ambaye bado sijui anaimba nini, na mikono yote ikalipita. Waliolishika walilishika wakitafuta kitu kingine. Bwana Maoni aliniletea vikaratasi, akavipanga mezani kwangu kwa upole kabisa, maana alijua Chiriku ni nani kwangu.

Huyu mama ni nani? Hili ni jarida la afya? Kovu linatisha, nina watoto nyumbani. Toeni hicho kitambaa. Mmoja alikuwa ameandika, kwa mwandiko wa mtu aliyesoma: Namheshimu mzee huyu lakini asubuhi sitaki huzuni.

"Si chuki, dada," Bwana Maoni alisema. "Wanatuelekeza tu. Tumsogeze kidogo upande wao."

Nikamsogeza. Mwajiriwa haulizi kwa nini. Nilikaa mbele ya kompyuta nikalifuta kovu, kipande kwa kipande, nikampa ngozi ya shingo ambayo hajawahi kuwa nayo hata ujanani. Nikayajaza mashavu. Nikamwondolea kitambaa, nikampachika nywele. Nilipomaliza nilikuwa na mwanamke mmoja wa kutangaza sabuni, na nikaenda msalani nikanawa uso.

Wasomaji wakasema afadhali. Wakasema lakini macho bado yanaumwa. Wakasema maneno ni mengi, YUPO ya nini, kwani nani kasema hayupo? Na wengi, wengi kweli, wakaandika jambo moja: wekeni Chiriku yule wa zamani.

Basi Bwana Maoni akaingia stoo, akatoka na vumbi kichwani na picha mkononi. Ilikuwa ya enzi za Chiriku. Ameshika maikrofoni, kichwa amekirudisha nyuma, koo lote liko wazi, zima, linang'aa kwa jasho. Rangi ya picha ilikuwa imechakaa, imegeuka nyekundu nyekundu, naye akaniambia niitoe rangi yote, iwe nyeusi na nyeupe, na neno YUPO liondoke kama walivyoomba. Likabaki jina lake peke yake, jeupe, chini ya picha isiyo na rangi.

Sasa jiulize wewe. Ukiona kwenye gazeti mtu maarufu kawekwa hivyo, unafikiri nini? Mimi nilifikiri. Nikamwambia. Akanijibu kwamba mimi ni mtu wa familia, macho yangu yana machozi, na kazi ya kufikiri tuwaachie wasomaji.

Safari hiyo niling'ang'ania kwenda naye. Tulisimama karibu na kibanda kama watu wanaongoja basi. Mwuza magazeti alikuwa bado anabana jalada letu kwenye kamba, na alikuwa hajaambiwa kitu. Bwana Maoni hamwambii chochote, kwa sharti lile lile. Alirudi nyuma hatua moja, akalitazama, akaushika mdomo.

"Kumbe ametutoka?" alituuliza. "Lini?"

Bwana Maoni alimtazama bila kusema neno. Kalamu ikawa tayari.

Mzee mmoja aliyekuwa anapita alisimama, akavua kofia. Mwanamke mwenye mfuko wa viatu aliuweka mfuko chini na kusema "Chiriku jamani, Chiriku wangu," akanyoosha mkono. Mwingine akanyoosha wa kwake. Kikawa kijikundi, kikawa kundi. Watu waliokuwa wanagombania nafasi ya basi waliliacha basi likaondoka. Mikono ilikuwa inalikimbilia lile jalada moja mpaka kamba ikakatika, na mwuza magazeti anauliza kwa sauti, "Mazishi lini? Ndugu zangu, anayejua mazishi ni lini?" Na Bwana Maoni kasimama kando yangu, uso umemeremeta kwa furaha ya kazi, anaandika, anaandika.

"Hajafa!" nilipiga kelele. "Yuko nyumbani! Nimemwacha anakunywa chai!"

Waligeuka kunitazama kama unavyomtazama mtu aliyecheka msibani. Mama wa viatu aliniambia nimwogope Mungu. Bwana Maoni alinivuta mkono mpaka nyuma ya choo cha kituo.

"Umeniharibia wasomaji wangu," alisema, na alikuwa amekasirika kweli.

Uvumi ulikuwa umeshapanda mabasi yote. Nilikimbia nyumbani, lakini ulinitangulia. Nilipofungua mlango nilikuta wanawake watatu nisiowajua wamekaa sebuleni kwetu, wamejifunika vichwa, wanalia. Na mama mdogo, na kitambaa chake cha zambarau, anawapitishia chai.

Waligonga, alinieleza baadaye. Wakamwuliza, pole mama, msiba wa Chiriku ni hapa? Na yeye, mtu wa mizaha tangu kuzaliwa, akawanong'oneza kwamba ndiyo, ni hapa, karibuni ndani. Wakadhani ni mtumishi, au shangazi fulani wa marehemu. Wakamwuliza aliteseka sana? Akasema wastani. Wakamwimbia ule wimbo wake wa kwanza, ule ambao kila mtu anaujua, wote watatu, yeye akiwa amesimama na birika mkononi.

"Wamenililia vizuri," aliniambia walipoondoka. "Ila yule wa katikati kiitikio kilimshinda. Alikuwa anakifuata kama mtu anayekimbiza kuku."

Alitaka nicheke, nami nikacheka ili nimfurahishe. Halafu tabasamu lake likaisha lenyewe. Akakaa kwenye kiti walichokuwa wamekalia wao.

"Walinitazama usoni, mwanangu," alisema. "Nimewapa vikombe mkono kwa mkono."

"Mbona hukuwaambia?"

"Niwaambie nini? Walikuwa na huzuni nzuri. Ningewaambia, wangeona aibu, na bado wasingenijua."

Nilikwenda ofisini damu inanichemka. Niliwakuta Mhariri na Bwana Maoni wameinamia hesabu za siku ile, nikajua wameshaamua.

"Haijawahi kutokea," Mhariri alisema. "Tangu tuanze, jalada halijawahi kushikwa hivi."

"Limeshikwa kwa sababu wanadhani amekufa."

"Sisi tumesema amekufa?" aliuliza kwa uso mkavu. "Tafuta neno hilo kwenye jalada, unionyeshe. Sisi tumeweka picha na jina. Wao ndio waliosema."

"Basi andika chini kwamba yu hai."

Bwana Maoni alikohoa kidogo. "Maneno tuliyaondoa, dada. Waliomba wenyewe."

Niliwaambia mengi siku hiyo, mengine siwezi kuyarudia mbele ya watu wazima. Niliwaambia nitaacha kazi. Mhariri alivua miwani yake, akaifuta kwa tai, akangoja nipoe. Kisha akaniwekea mezani alichoweza kutoa: picha ya kweli, ya kitambaa cha zambarau na kovu, itakaa ukurasa mzima ndani, pamoja na mahojiano yake. Jalada ni la wasomaji. Ukurasa wa ndani ni wa Chiriku. La sivyo, jalada anapewa kijana wa miwani, na Chiriku hapati hata kona.

Niliyapeleka hayo nyumbani jinsi yalivyo. Sikutia chumvi wala sukari. Mama mdogo alikuwa kitandani, maana siku hizo alikuwa anachoka mapema. Aliitazama ile picha ya zamani kwa muda mrefu, akapitisha kidole kwenye lile koo zima.

"Watafungua ndani?" aliuliza.

"Wengine watafungua."

"Basi wataniona humo. Mkubalie." Alinirudishia picha. "Na siku likitoka unipeleke pale kituoni. Nataka niwepo wakifungua. Mtu akishaiona picha, ainue macho anione, hapo hapo. Atanisalimia tu. Atafanyaje?"

Siku ya kutoka, alivaa gauni lile lile la pichani na kufunga kitambaa kile kile. Nilimsaidia kushuka ngazi, tukaenda polepole, tunapumzika kila tulipopata ukuta wa kuegemea. Nilimkalisha kwenye benchi la abiria lililo karibu na kibanda. Alijinyoosha, akaweka mikono magotini, akavuta ukosi chini kovu lionekane. Nilimjua. Ndivyo alivyokuwa anakaa nyuma ya pazia zamani, kabla hawajamwita jukwaani.

Watu walikuja wengi. Marobota yalikuwa yanafunguliwa na kuisha. Lakini hawakufungua ndani. Walilinunua, wakalishika kwa mikono miwili, picha ya Chiriku imeelekezwa mbele, wakaondoka nalo taratibu kama wanabeba picha ya marehemu kwenye msafara. Wengine walilibusu. Mama mmoja alikaa kwenye benchi letu, bega kwa bega na mama mdogo, akalilia jalada lililo mapajani mwake. Mama mdogo alimsogelea, akamwekea mkono mgongoni. Yule mama akasema ahsante, akaendelea kulia, basi lake likaja akapanda.

Nilitaka turudi. Alitikisa kichwa.

Jua lilipokuwa kali, ndipo wa kwanza akarudi. Alikuwa fundi wa magari, kwa jinsi suruali yake ilivyokuwa na mafuta. Alikuja mbio, jarida liko mkononi limefunguliwa, akalibamiza juu ya meza ya mwuza magazeti.

"Huyu mtu hajafa!" alisema. "Nimefungua humu ndani anahojiwa! Anasema anapenda chai ya tangawizi!"

"Nani alikwambia amekufa?" mwuza magazeti alimwuliza.

"Wewe! Si wewe ulikuwa unauliza mazishi? Nimelia ndani ya basi mimi, mtu mzima, mbele ya watu. Nimempigia mama yangu simu, naye kalia mpaka kapandwa na presha. Nirudishie changu."

"Jarida umeshalisoma, kaka."

"Nililinunulia msiba. Msiba haupo."

Nyuma yake alikuwepo mwingine na jarida lake, na nyuma ya huyo wengine. Dada mmoja alisema amefunga duka kwa heshima ya marehemu, sasa wateja aliowafukuza atawapata wapi? Mwingine alisema huu ni wizi, mtu mzima anatumia kifo kujitangaza. Mwuza magazeti alizidiwa. Alikuwa ametupa mikono juu.

"Sasa mimi nifanyeje, jamani?" aliwauliza. "Niende nikamuue?"

Wakacheka. Nao wale waliokuwa wamelia asubuhi walicheka. Kilikuwa kicheko cha kawaida tu cha watu waliochoka na jua, na mpaka leo nikikikumbuka mwili unanisisimka. Niliinuka niwatolee maneno yangu yote, lakini vidole vilinishika kiganja cha mkono. Vilikuwa vyembamba na vilikuwa na nguvu kuliko nilivyotegemea. Mama mdogo alijiinua kwa mkono wangu, akaniacha, akaenda mwenyewe mpaka kwa yule fundi.

Alimgusa kiwiko. Fundi aligeuka, na kwa sababu ya kelele za mabasi ilibidi ainame ndipo amsikie. Mimi nilikuwa nyuma yake, nikasikia.

"Usikasirike, baba," mama mdogo alimnong'oneza. "Vumilia kidogo tu. Sitakuchelewesha."

Fundi alimtazama. Akaona kitambaa. Akaona kovu. Jarida lilikuwa bado liko wazi mezani kwenye ukurasa ule, na nilimwona akiliangalia, akamwangalia yeye, akaliangalia tena. Midomo yake ilifunguka. Mama mdogo alisimama mbele yake, amenyoosha shingo, anangoja. Sijapata kuona mtu anangoja kitu namna ile.

Fundi alilichukua jarida, akalifunga, akalitia kwapani. Akaondoka bila kudai chake, haraka haraka, bila kugeuka. Wale wa nyuma yake walikuwa wameona. Mmoja alianza kutafuta kitu mfukoni. Wengine wakageukia barabarani kutazama mabasi ambayo hayajafika. Hakuna aliyemsalimia.

Tulirudi polepole kuliko tulivyokuja. Nilikuwa ninaogopa kumtazama. Tulipofika kwenye ukuta wa kwanza alisimama kupumzika, akanivuta karibu.

"Umemwona?" aliuliza.

"Nimemwona, mama."

"Amenijua."

Nilimtazama. Alikuwa anafurahi. Macho yake yalikuwa na ule uhai wa siku ya kupigwa picha dirishani.

"Lakini hakukusalimia," nilisema, na papo hapo nikatamani ulimi wangu ungekatika.

"Angesema nini? Kashikwa na aibu, maskini. Lakini alinijua, mwanangu. Nilimwona machoni. Jina lilifika mpaka hapa." Aligusa midomo yake. "Lilikuwa linatoka."

Nilimwambia ni kweli, lilikuwa linatoka. Njia nzima alirudia habari hiyo. Alipolala nilikaa jikoni karibu na dirisha lile, nikalia kwa hasira.

Hakumaliza mwezi. Aliondoka mchana, nyumbani, mimi nikimlowesha midomo kwa kitambaa. Niliwatangazia watu, wakaja majirani, wakaja wanamuziki wazee wachache wenye fimbo, na Mhariri na mke wake. Viti tulivyoazima vilibaki vitupu nusu. Niliowapigia simu walinijibu kwa mashaka, wengine wakaniuliza safari hii ni kweli? Mmoja alisema pole, ila yeye alishatoa rambirambi mara ya kwanza, kwa kulia kwake.

Niliporudi kazini Mhariri aliniita. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Alisema toleo linalokuja tutatoa jalada lile la kwanza, la zambarau, kama marehemu alivyotaka. "Sasa watamwelewa," alisema, na naamini alikuwa anasema kutoka moyoni. Nililitoa kwenye kompyuta, sikugusa kitu. Kovu, vikunyanzi, maneno yale mawili, yote yakabaki. Sheria lakini ni sheria. Tulilichapa kwa printa yetu, tukalibana juu ya toleo la zamani, Bwana Maoni akalipeleka kituoni, nami nikamfuata.

Asubuhi ilipita na mikono ikalipita. Halafu akaja msichana wa chuo, mkoba mgongoni. Alisimama. Alitoa kibanio mwenyewe, akalishika jalada, akaliinua karibu na uso, akamtazama mama yangu mdogo kwa makini kuliko mtu yeyote aliyewahi kumtazama pale. Nilihisi kabisa kwamba jina linakuja.

"Huyu si Chiriku?" alimwuliza mwuza magazeti. "Si alishakufa huyu?"

Mwuza magazeti alinigeukia mimi. Bwana Maoni naye alinigeukia, kalamu haiandiki, na nadhani siku hiyo angenisamehe kama ningemsemesha msomaji wake. Nilikumbuka nilivyopiga kelele mahali pale pale, hajafa, yuko nyumbani, anakunywa chai. Safari hii nilinyamaza. Msichana hakuwa amekosea.

Alilirudisha kwenye kamba, akabana kibanio vizuri lisije likaanguka, akachukua la kijana wa miwani. Mwuza magazeti alimpa kikaratasi. Aliandika ameegemea meza, kwa haraka, maana basi lake lilikuwa linapiga honi, akaniachia mimi kwa sababu nilikuwa karibu.

Huyu tumeshamlilia, alikuwa ameandika. Tupeni mwingine.